Migongano ya Molekuli Baina ya Nyota: Maelezo kwa Msomaji wa Kiswahili

Utangulizi

Mji wa Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umekaa kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, pale mto Lukuga unapotoka ziwani na kuanza safari ya kuelekea bonde la Kongo. Mji huo, ulioitwa Albertville zama za ukoloni wa Kibelgiji, uko karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta. Kwa mkulima na mvuvi, latitudo hiyo ni habari ya mvua na kiangazi. Kwa mwanaastronomia ina maana ya ziada, kwani wingu mashuhuri la gesi lililo katika kundi la nyota la Orion liko nyuzi 5 na dakika 23 kusini ya ikweta ya anga. Kwa hiyo wingu hilo hupita utosini mwa Kalemie kwa tofauti isiyofika hata nyuzi moja. Mwezi wa Desemba hufika huko usiku wa manane, endapo mawingu ya masika yataruhusu. Februari na Machi huwa juu mapema baada ya machweo. Kilimia, nyota ambazo jina lake lenyewe limetokana na kulima, hulitangulia kwa muda wa saa mbili hivi.

Wingu hilo limewapa wanasayansi sehemu kubwa ya maarifa yao juu ya kemia ya anga baina ya nyota. Hata hivyo, maarifa hayo hayakupatikana kwa darubini peke yake. Kila habari inayoletwa na mawimbi kutoka huko hupitia kwanza kwenye hesabu ya migongano ya molekuli, na hesabu hiyo hufanywa kwa kanuni za mekanika ya kwanta. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini hesabu hiyo ni ya lazima, jinsi inavyofanywa, na ni maneno gani ya Kiswahili yanayoweza kuibeba bila kuipotosha.

Suala la maneno si pambo. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Katika eneo la Kalemie mtoto huanza masomo kwa Kiswahili, kisha huhamishiwa Kifaransa kabla hajafikia fizikia. Matokeo yake ni kwamba fizikia huandikwa daftarini kwa lugha moja na kufikiriwa, kuulizwa na kubishaniwa kwa nyingine. Upande wa Tanzania, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kamusi hiyo imeweka msingi mzuri wa istilahi. Lakini istilahi iliyomo katika kamusi bado haijawa maelezo. Inapaswa kutiwa katika sentensi ndefu, yenye sababu na matokeo, ndipo ijulikane kama inasimama.

Gesi isiyojionyesha

Anga baina ya nyota si tupu. Humo mna gesi na vumbi, vilivyokusanyika hapa na pale kuwa mawingu. Katika usiku usio na mwezi wa kiangazi, mtu aliye mbali na taa za mji huweza kuyaona baadhi yake kwa macho matupu: ni yale madoa meusi yanayoukata mkanda mweupe wa Njia ya Maziwa. Wengi huyadhani ni matundu yasiyo na nyota. La hasha; nyota zipo nyuma yake, ila vumbi la wingu limezifunika.

Wingu la namna hiyo huitwa zito, lakini uzito huo ni wa kulinganisha tu. Hewa ya kawaida ina molekuli takriban bilioni 25 mara bilioni moja katika kila sentimita moja ya ujazo. Wingu zito la angani aghalabu lina molekuli kati ya elfu moja na milioni moja tu katika nafasi hiyo hiyo, kiasi ambacho katika maabara yoyote duniani kingehesabiwa kuwa ombwe. Halijoto yake ni ya chini mno: mara nyingi kelvini 10, yaani nyuzi 263 chini ya sifuri kwa kipimo cha selsiasi.

Karibu molekuli zote za wingu ni za haidrojeni, atomu mbili zilizoungana. Kwa bahati mbaya molekuli hiyo ni bubu katika baridi. Ncha zake mbili zinafanana kabisa kwa chaji, hivyo haina mkono wa umeme wa kutikisia mawimbi ya redio. Na hali yake ya kwanza inayoweza kutoa mnururisho huhitaji nishati inayolingana na halijoto ya kelvini 500 na kitu. Kwa hiyo wanaastronomia husikiliza molekuli zilizo chache lakini zenye sauti. Ya kwanza kwa umuhimu ni kaboni monoksidi, ambayo ni takriban moja kwa kila molekuli 10,000 za haidrojeni. Gesi hii si ngeni Kalemie: ndiyo inayoua watu waliolala na jiko linalowaka katika chumba kilichofungwa, jiko la makaa, ambayo Wakongo huyaita makala. (Msomaji wa Dar es Salaam asishangae kusikia kwamba huko makala hupikia.)

Historia ya ugunduzi wenyewe inaweza kupitiwa kwa haraka. Mwaka 1937 Pol Swings na Léon Rosenfeld wa Liège, Ubelgiji, walitambua kwamba mstari mmoja mweusi katika mwanga wa nyota ulitokana na molekuli ya kaboni na haidrojeni. Amonia ilipatikana kwa darubini ya redio mwaka 1968, kisha maji na formaldehaidi mwaka 1969. Mwaka 1970 Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias waliielekeza darubini ya Kitt Peak, Arizona, kwenye wingu la Orion wakapata kaboni monoksidi kwa wimbi lenye urefu wa milimita 2.6. Leo molekuli zinazojulikana baina ya nyota zimezidi 300.

Taa na pampu

Kupata molekuli ni kitu kimoja; kujua ziko ngapi, na katika hali gani, ni kitu kingine. Hapa ndipo penye kiini cha mada.

Wavuvi wa ndagala, yaani dagaa wa Ziwa Tanganyika, huvua usiku wa giza kwa taa. Kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai za mafuta, ambazo zisipopigwa pampu hufifia. Mtu aliyesimama ufukoni aliweza kuhesabu taa zilizowaka, lakini hesabu hiyo haikumpa idadi ya mitumbwi. Ili aipate, ilimpasa ajue pia pampu ilipigwa mara ngapi na karabai moja iliwaka kwa muda gani baada ya kupigwa. Hali ya mwanaastronomia ni hiyo hiyo. Mwanga anaoupokea unatoka kwa molekuli zilizopigwa pampu tu, na pampu yenyewe ni mgongano.

Mfano huu una mpaka, na ni vema mpaka huo uoneshwe mapema. Karabai hufifia polepole. Molekuli haifanyi hivyo. Kwa mujibu wa mekanika ya kwanta, molekuli haiwezi kujizungusha kwa kasi yoyote inayoitaka. Ina ngazi yenye vidato, na haiwezi kusimama kati ya kidato na kidato. Kaboni monoksidi iliyo kwenye kidato cha sifuri haijizungushi kabisa. Ikipandishwa kidato cha kwanza, hukaa hapo ikiwa na nishati inayolingana na kelvini 5.5, kisha hushuka kwa mkupuo mmoja na kutoa chembe moja ya mnururisho, lile wimbi la milimita 2.6. Haififii, inawaka au haiwaki.

Inakaa kwa muda gani kabla ya kushuka yenyewe? Kwa wastani, miezi mitano hivi. Muda huo unashangaza kwa kitu kidogo kiasi hicho, na ndio unaoipa migongano nafasi ya kuingilia kati. Katika hewa ya duniani molekuli hugongana na nyingine mara bilioni kadhaa kwa sekunde, kwa hiyo miezi mitano ni kama milele. Lakini katika wingu lenye molekuli 10,000 kwa sentimita moja ya ujazo, mgongano wenye kuweza kuishusha molekuli hiyo kidato hutokea kwa wastani mara moja kwa mwezi. Katika gesi nyepesi yenye molekuli 100 tu, hutokea mara moja katika miaka kumi.

Linganisha sasa hali hizo mbili. Katika gesi nyepesi, kila molekuli inayopandishwa na mgongano hupata nafasi ya kushuka yenyewe na kutoa mnururisho wake. Hapo mng'ao unahesabu idadi ya migongano. Katika gesi nzito, migongano huwahi kuishusha kabla haijatoa chochote, na kupanda na kushuka kwa migongano hulingana. Hapo mng'ao unaeleza halijoto, wala hausemi tena lolote la maana juu ya wingi wa gesi. Kati ya hali hizo mbili pana kiwango cha msongamano ambapo migongano na kushuka kwenyewe vinashindana sawa. Kwa kaboni monoksidi kiwango hicho ni molekuli elfu mbili hivi kwa sentimita moja ya ujazo. Kwa sianidi ya haidrojeni, sumu ile ile inayotoka katika mihogo michungu inapolowekwa, kiwango ni kikubwa zaidi mamia ya mara, kwa sababu molekuli hiyo haisubiri miezi: hushuka kidato chake cha kwanza katika muda wa karibu nusu siku. Ndiyo maana wimbi la sianidi hutumiwa kutafuta viini vizito vya mawingu, mahali nyota zinapozaliwa, na wimbi la kaboni monoksidi hutumiwa kuchora wingu zima.

Basi yote hutegemea tarakimu moja: uwezekano wa mgongano kuihamisha molekuli kutoka kidato hiki hadi kile, kwa halijoto fulani. Tarakimu hiyo yaweza kuitwa kizigeu cha kasi ya migongano. Ikikosewa mara tano, msongamano wa wingu unaokadiriwa kutokana nayo nao waweza kukosewa kwa kiasi kama hicho. Na pamoja nao hukosewa umri wa wingu, uzito wake, na hukumu ya kama litaporomoka kuwa nyota au litatawanyika. Kuipima maabara moja kwa moja ni kazi ngumu, kwa kuwa vidato ni vingi, jozi za vidato ni nyingi zaidi, na baridi ya kelvini 10 haipatikani kwa wepesi. Sehemu kubwa kabisa ya vizigeu vinavyotumika imetokana na hesabu.

Neno "mgongano"

Kabla ya kuingia katika hesabu, yafaa neno lenyewe lichunguzwe. Mgongano ni nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi gongana, nacho ni gonga chenye kiambishi cha kutendana. Katika matumizi ya kila siku neno hili linadai mambo mawili: kwamba vitu vimegusana, na aghalabu kwamba vimeumizana. Magari hugongana, na maslahi hugongana. Katika mashariki ya Kongo, ambako vita vimerudi mara kwa mara tangu miaka ya 1990, neno hilo lina uzito wake wa peke yake.

Molekuli katika wingu baridi hazifanyi lolote kati ya hayo mawili. Haidrojeni inapita karibu na kaboni monoksidi, kila moja inausikia umeme wa mwenzake kwa mbali, zinavutana kidogo, zikikaribiana zaidi zinasukumana, kisha zinaachana zikiwa nzima. Hakuna kilichovunjika, na "kugusana" hakuna maana bayana kwa vitu visivyo na ukuta. Picha iliyo karibu zaidi na ukweli ni ya mitumbwi miwili inayopishana usiku ziwani. Haigusani, lakini wimbi la mmoja huufikia mwingine, na mtumbwi uliokuwa umetulia hugeuka kichwa. Kitenzi pishana, kilichotokana na pita kupitia pisha, kina kutendana kama gongana, lakini hakidai mguso wala madhara. Kwa maana halisi, mpishano ungekuwa neno bora.

Hata hivyo, kulibadilisha neno lililokwisha kuzoeleka katika vitabu vya fizikia kungeleta hasara kuliko faida. Mgongano ubaki, ila mwalimu alieleze kwa kupishana. Faida nyingine ya kulibakiza ni kwamba tayari lina vivumishi vyake. Mgongano nyumbufu ni ule ambao molekuli zinabadili njia tu, kila moja ikibaki kwenye kidato chake. Mgongano usio nyumbufu ni ule ambao sehemu ya nishati mwendo inageuka kuwa mjizunguko, au kinyume chake. Huu wa pili ndio pampu ya karabai.

Neno mjizunguko limetumika hapa kwa makusudi. Kiswahili kina mzunguko kwa maana nyingi mno: mzunguko wa dunia kulizunguka jua, mzunguko wa damu, mzunguko wa fedha. Lakini kwa kiambishi -ji- lugha hutenganisha bila shida kitu kinachozunguka kingine na kitu kinachojizungusha chenyewe. Kifaransa huhitaji maneno mawili tofauti kwa jambo hilo. Kiswahili kinalifanya kwa silabi moja. Pingamizi la kwamba -ji- hudokeza hiari ya mtendaji halina nguvu, kwani dunia nayo husemwa kuwa hujizungusha kwenye mhimili wake, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba imeamua.

Hesabu yenyewe

Hesabu hufanywa kwa hatua mbili, na mgawanyo huo umetokana na wazo la Max Born na Robert Oppenheimer la mwaka 1927. Elektroni ni nyepesi mno kuliko viini vya atomu. Viini vinapojongea, elektroni hujipanga upya mara moja. Kwa hiyo viini vyaweza kuchukuliwa kana kwamba vimesimama, nishati ya elektroni ikakokotolewa, kisha viini vikasogezwa kidogo na hesabu ikarudiwa. Baada ya kurudia hivyo kwa maelfu ya mipangilio, hupatikana ramani ya nishati tuli: kwa kila umbali baina ya molekuli mbili, na kwa kila namna zinavyoelekeana, ramani inaonesha kama zinavutana au zinasukumana, na kwa kiasi gani. Kwa haidrojeni na kaboni monoksidi, ramani iliyotumiwa sana ni ile ya Piotr Jankowski na Krzysztof Szalewicz, iliyotolewa mwaka 1998 na kuboreshwa mwaka 2005. Bonde la mvuto katika ramani hiyo ni la kina kifupi sana, kifupi kuliko kina cha bonde linaloziunganisha atomu ndani ya molekuli yenyewe kwa mamia ya mara. Kosa dogo katika bonde kama hilo huonekana mara moja katika baridi, ambako molekuli hazina nishati ya kulipuuza.

Hatua ya pili ni kuzipitisha molekuli juu ya ramani hiyo. Hapa ndipo mekanika ya kwanta inapoachana kabisa na mitumbwi. Molekuli inayokaribia haina njia moja. Ni wimbi, na wimbi hilo hupita pande zote za kizuizi, hujikunja, hujiingilia lenyewe, likaongezeka hapa na kufutika pale. Zaidi ya hayo, kila kidato ambacho molekuli ingeweza kutokea kina wimbi lake, na mawimbi hayo yote yamefungamana: huwezi kulikokotoa moja bila mengine. Nadharia kamili ya kuyatatua pamoja, kwa molekuli inayojizungusha kama fimbo ngumu, iliwekwa na A. M. Arthurs na Alexander Dalgarno mwaka 1960. Gharama yake ni kubwa. Muda wa kompyuta hukua takriban kwa mchemraba wa idadi ya mawimbi. Idadi ikiongezwa maradufu, muda huongezeka mara nane. Na kwa kuwa kila kidato kina uelekeo zaidi ya mmoja, idadi hiyo hukua haraka kuliko anavyotarajia mtu anayeanza.

Aliyefanya kazi hii kuwa chombo cha wanaastronomia, zaidi ya wengine, ni Sheldon Green, aliyefanya kazi New York katika taasisi ya shirika la anga la Marekani, NASA. Tangu miaka ya 1970 alikokotoa migongano ya molekuli moja baada ya nyingine, na pamoja na Jeremy Hutson aliandaa programu ya MOLSCAT ambayo hadi leo inatumika. Kwa kuwa kompyuta za wakati huo zilikuwa dhaifu, Green na wenzake walitumia mara nyingi hila moja: mahali pa haidrojeni waliweka heliamu, ambayo ni atomu moja ya duara isiyo na vidato vya mjizunguko, kisha wakazidisha matokeo kwa 1.4 ili kufidia wepesi wa haidrojeni.

Hila hiyo ilikuwa na mantiki yake. Haidrojeni iko ya namna mbili. Katika para, spini za viini vyake viwili zimepingana, na kidato chake cha chini kabisa ni sifuri. Isipojizungusha, huonekana na molekuli nyingine kama duara, kama heliamu. Katika otho, spini zimeelekea upande mmoja, na molekuli hairuhusiwi kamwe kufika kidato cha sifuri; hata katika baridi kali hubaki ikijizungusha, na umeme wake hauwi wa duara. Kwa kaboni monoksidi tofauti hiyo si kubwa mno. Kwa maji ni kubwa: katika halijoto ya chini, kwa baadhi ya mipito, otho huisukuma molekuli ya maji mara kumi hivi kuliko para. Hapo heliamu haiwezi kuwa badala ya chochote. Darubini ya Ulaya ya Herschel, iliyorushwa mwaka 2009 na kufanya kazi hadi 2013, ilitumwa kwa sehemu kubwa kuyachunguza maji ya angani, na vikundi vya Grenoble, Meudon na kwingineko vililazimika kuikokotoa upya migongano ya maji na haidrojeni kwa namna zote mbili, ili vipimo hivyo visomeke.

Je, hesabu hizi zimewahi kuthibitishwa? Kwa muda mrefu mwenye shaka alikuwa na haki ya kuuliza. Mekanika ya kwanta inatabiri kwamba kwa nishati ndogo sana, uwezekano wa mgongano haupandi taratibu bali una vilele vikali, kwa sababu molekuli mbili hunaswa kwa muda mfupi katika lile bonde kabla ya kuachana. Vilele hivyo havina mfano wowote katika mitumbwi wala katika fizikia ya Newton. Mwaka 2012 watafiti wa Bordeaux walichapisha matokeo ya kuzikutanisha fukuto mbili za molekuli baridi, moja ya kaboni monoksidi na moja ya haidrojeni ya para, kwa kasi iliyodhibitiwa. Vilele vilionekana, karibu na mahali vilipotabiriwa. Tofauti ndogo iliyobaki ilitumika kuirekebisha ramani.

Formaldehaidi, au baridi kuliko baridi

Kisa kimoja kinatosha kuonesha kwamba pasipo hesabu ya migongano, anga hutoa habari isiyoaminika. Formaldehaidi ni ile dawa ambayo, ikichanganywa na maji, hutumiwa hospitalini kuhifadhia maiti. Mwaka 1969 Patrick Palmer, Ben Zuckerman, David Buhl na Lewis Snyder waliona kwamba katika mawingu meusi molekuli hiyo hufyonza mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 6. Kufyonza si ajabu. Ajabu ni kwamba nyuma ya mawingu hayo hapakuwa na nyota wala chanzo chochote cha redio. Kilichokuwapo ni mnururisho hafifu unaoujaza ulimwengu wote, masalio ya mwanzo wake, wenye halijoto ya kelvini 2.7, ambao Penzias na Wilson walikuwa wameugundua miaka michache tu kabla.

Kitu kinachofyonza mnururisho wa kelvini 2.7 lazima kiwe baridi kuliko hapo. Lakini gesi ya wingu ilikuwa na kelvini 10. Formaldehaidi ilipataje kuwa baridi kuliko gesi iliyoizunguka, na baridi kuliko ulimwengu wenyewe? Charles Townes na Albert Cheung walitoa jibu mwaka huo huo: vidato vya formaldehaidi huja kwa jozi zilizokaribiana sana, na migongano huipeleka molekuli kwa upendeleo kwenye kidato cha chini cha jozi. Pampu hapa inafanya kazi kinyume; kila pigo linaizima karabai zaidi. Hoja yao ilitegemea umbo la molekuli na picha za kawaida za vitu vinavyogongana, na wengi waliiona ya kuvutia lakini dhaifu, kwa kuwa kosa dogo la makadirio lingeweza kuugeuza upendeleo huo. Katikati ya miaka ya 1970 Barbara Garrison, William Lester na William Miller, pamoja na Green, waliifanya hesabu kamili ya kwanta kwa formaldehaidi na heliamu. Upendeleo ukabaki, na kwa kiasi cha kutosha. Migongano inayopasha joto kila kitu kingine ndiyo inayoigandisha molekuli hii.

Kazi iliyobaki

Kwa mtazamo wa vifaa, taaluma hii ni nafuu kuliko nyingi. Darubini za ALMA nchini Chile, 66 kwa idadi, zimejengwa kwenye uwanda wa mita 5,000 kwa gharama ambayo mataifa mengi yalichangia. Hesabu za migongano huhitaji kompyuta nzuri, umeme usiokatika, na watu waliofundishwa. MOLSCAT hutolewa bure. Vizigeu vilivyokwisha kukokotolewa vimewekwa wazi katika hazina mbili kuu, LAMDA ya Leiden na BASECOL ya Paris. Ndiyo sababu Afrika haiko nje ya kazi hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop, Dakar, na wa Chuo Kikuu cha Tunis El Manar wamechapisha vizigeu vya migongano kwa molekuli kadhaa za angani, mara nyingi kwa kushirikiana na maabara za Ufaransa. Lugha ya masomo katika vyuo hivyo ni ile ile inayotumika katika Chuo Kikuu cha Kalemie. Kinachokosekana upande wa Tanganyika si kizuizi cha lugha ya kigeni, bali daraja kati ya lugha hiyo na ile ambayo mwanafunzi anaitumia anapouliza "kwa nini".

Molekuli nazo hazijaisha. Katika mawingu baridi mgongaji ni haidrojeni, chembe ndogo yenye vidato vichache. Katika kimondo chenye mkia kinachokaribia jua, barafu huyeyuka kuwa mvuke, na mgongaji huwa maji. Hapo kaboni monoksidi hukutana na molekuli yenye vidato vingi, mvuto mkali na bonde la kina kirefu, na mawimbi yaliyofungamana huwa mengi kiasi kwamba mbinu ya Arthurs na Dalgarno haikamiliki hata kwa kompyuta kubwa za leo. Mwaka 2018 Jérôme Loreau, François Lique na Alexandre Faure walipendekeza njia ya mkato: kwa kuwa bonde ni la kina, molekuli mbili hunaswa humo kwa muda mrefu hadi kusahau zilivyoingia, hivyo zinapotoka hugawanyika katika vidato kwa kufuata takwimu tu, bila upendeleo. Kwa kaboni monoksidi na maji njia hiyo imetoa vizigeu vya kwanza vya kutegemewa. Kwa haidrojeni, ambayo bonde lake ni la kina kifupi na kumbukumbu yake haifutiki, haifai katika halijoto nyingi, na mawimbi bado hutatuliwa yote pamoja.